Kwa Nini Hawaji

Swali langu la kwanza la utafiti lilikuwa fupi na nililipenda sana: Kwa nini akina mama wa Mkinga hawaji kliniki katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua? Nimekuwa muuguzi miaka mingi. Watoto niliowapokea kwa mikono yangu sasa hunipita njiani wamevaa sare za sekondari, na baadhi yao hawaniamkii. Nilidhani mtu kama mimi hahitaji kufundishwa namna ya kuuliza. Lakini mwalimu aliyekuwa akinisimamia chuoni, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alilirudisha swali likiwa na mstari mwekundu chini ya neno "hawaji". Pembeni aliandika: "Swali hili limeshahukumu. Uliza upya."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hilo kila niliyefanya naye kazi wodini analijua. Niliwaambia wenzangu wa darasa kwamba mtoto huyu hajawahi hata kumshikilia mkono mwanamke mwenye uchungu, leo anifundishe mimi kuuliza? Mmoja akanijibu kwa utani kwamba kuuliza si ujinga, ujinga ni kukasirikia jibu. Nikamwambia anyamaze, kisha nikamnunulia chai kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa nimerudi chuo mwaka uliofuata baada ya mama yangu kufariki. Watu walidhani nafuata cheo. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi tena kukaa nyumbani jioni. Mama alikuwa na mazoea ya kunipigia simu akishaswali alasiri. Ananiuliza nimekula nini, namjibu kwa mkato kwa sababu nina kazi, anasema haya, kisha anakata. Simu yenyewe haikuwa na habari yoyote ndani yake. Alipoondoka ndipo nikaona kwamba alasiri ni ndefu mno. Nikataka darasa, nikataka mtu anipe kazi ngumu ya kufanya saa ile, na kazi niliyopewa ikawa vigeu.

Darasani vitu hivi vilikuwa na majina ya Kiingereza, mimi nikayageuza Kiswahili ili yanikae kichwani. Kigeu tegemezi ni lile jambo unalotaka kulielewa, ambalo hubadilika. Kigeu huru ni kile unachokishuku kwamba ndicho kinacholibadilisha. Nilijifafanulia kwa uji: uzito wa uji ndio unaoutazama, unga na maji ndivyo vinavyoamua. Kwangu mimi, kuja au kutokuja kliniki ndio uliokuwa uji. Unga na maji nilikuwa navyo tayari, nimeviandika kwa mpango: umbali wa kutoka nyumbani mpaka zahanati, elimu ya mama, umri wake, idadi ya watoto alionao, nauli, kazi ya mume. Hakuna muuguzi wa Tanga ambaye angekosa kuvitaja hivyo, na mimi nilivitaja kwa kujiamini.

Mwalimu alivisoma vyote, akaniangalia. "Mama," akasema, maana darasa zima liliniita mama, "umejiandaa kuwahoji wasiokuja tu. Hao waliokuja, unajua ni kwa nini walikuja?"

"Kwa sababu wana akili," nikamjibu.

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka ofisini kwake nikikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliokuja, na akili sikuwa nayo hata chembe.

Sisi ni watu wa Tanga mjini, nyumba ya Waarabu. Babu zetu walikuja na biashara, wakawaachia wajukuu minazi na ugomvi wa mirathi. Mimi nikampenda kijana Mlutheri ambaye baba yake alishuka kutoka milima ya Usambaa kuja kukata mkonge, akakaa Pongwe miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Tulioana bomani. Ami zangu walipiga kelele mpaka majirani wakafunga madirisha. Mama, ambaye alikuwa mjane siku nyingi, hakupiga kelele. Alisema, "Mungu akupe kheri," akageukia chungu chake jikoni. Maneno yale nimeyabeba miaka yote bila kuujua uzito wake. Ilikuwa dua, au alikuwa ananiaga?

Kwetu pwani mimba ya kwanza ina utaratibu wake. Miezi ikishakuwa mikubwa, watu wa mume humchukua mwanamke wakamrudisha kwa mama yake, ajifungulie kwao na akae arobaini. Siku hizo arobaini hatoki nje. Mama yake humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, humnywesha uji wenye pilipili manga, humfunga tumbo kwa kanga, humwamrisha alale. Mume huja kumtazama kama mgeni, akapewa chai akaondoka. Wakwe zangu walikuwa watu wema, lakini watu wa milimani wana taratibu zao, hii yetu hawakuijua. Mimi niliijua na sikuwaambia. Ningewaambia wanirudishe kwetu, wakati nilikwisha amini kwamba mwanamke aliyetoka bomani hana tena kwao? Nikakaa nikingoja. Nilijiambia kwamba mama akinitaka atakuja.

Hakuja. Mume wangu alikuwa na kazi Horohoro, mpakani, anarudi siku za mapumziko tu. Mama mkwe alikaa nami siku chache, akanipikia, akaniombea, kisha mahindi yake yakamwita akapanda kwao. Nikabaki na mtoto katika chumba cha kupanga, Pongwe. Nilijipikia uji mwenyewe. Nilijaribu pia kujikanda kiuno mwenyewe. Anayedhani inawezekana na ajaribu, aone mkono wake unafika wapi. Wiki haijaisha nikambeba mtoto, nikaenda kliniki polepole kwa miguu, na muuguzi aliyenipokea akanisifu mbele ya watu: tazameni mama anayejali. Kesho yake nikarudi, nikasema kitovu kinanuka. Hakikuwa kinanuka. Siku nyingine nikarudi tena, nikasema mtoto anapiga chafya sana. Muuguzi akasema, "Watoto wote hupiga chafya, dada," lakini akanishika bega huku akisema, na nilikwenda kwa ajili ya lile bega.

Mama alikuja arobaini ilipokwisha. Alivaa baibui jipya, akaleta nguo za mtoto, akakaa kwenye kiti kama mgeni, tukazungumza habari za joto. Baada ya hapo tulisameheana bila kusema tunasameheana nini. Idi nilikwenda kwake, Krismasi alituletea halua, na mwanangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Lakini zile siku arobaini hatukuzigusa kamwe, na akafariki hatujazigusa. Kutokuja kwake nilikwisha kuzoea. Kilichonikosesha raha ni kutojua kama siku zile hakunitaka.

Haya sikumwambia mwalimu. Nilikwenda kuomba kibali cha kuyajaribu maswali yangu, nikakipata, nikaenda Maramba, huko huko Mkinga.

Mhudumu wa afya wa pale kijijini alinipitisha kwanza kwa wale ambao hawakuja kliniki. Niliingia nikiwa na lawama zangu zimepangwa. Katika nyumba ya kwanza nilimkuta mzazi, binti aliyetoka kujifungua, amelala mchana kweupe, amenawiri, na mama yake yuko pembeni anampepea mtoto kwa kipande cha boksi. Nilipouliza habari za kliniki, mama mtu alinijibu kwa utulivu kwamba watakwenda arobaini ikiisha. Nilimweleza yale ninayoyajua: homa ya uzazi haingoji arobaini, damu haingoji, na kitovu cha mtoto kinaweza kuharibika siku mbili tu. Nimewaona waliochelewa, sitaki mtu anidanganye kwamba mila inatosha. Alinisikiliza, akaahidi kumwangalia. Lakini nilipotoka nilijikuta namwonea wivu yule binti, wivu wa kweli, wa kuuma. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika neno.

Kisha tukaenda kwa waliokuja. Mmoja alikuwa msichana anayeishi na mumewe katika kambi ya zamani ya mkonge, watu wa kutoka mbali. Alikuja kliniki mapema kuliko wote, zahanati wanamsifu. Nilimwuliza swali la mwalimu wangu, kwa shingo upande: "Ni nini kilikufanya uje?"

Alimtazama mtoto wake kwanza. "Nyumbani hakuna mtu," akasema. "Mume anatoka alfajiri. Nilitaka tu mtu aniulize nimelalaje."

Nilimwuliza basi: "Umelalaje?" Halikuwamo kwenye dodoso. Akaanza kunieleza, na alieleza muda mrefu sana, mhudumu akawa ananikonyeza kwamba jua linakwenda. Nilimwacha aongee.

Niliporudi chuoni nilimwambia mwalimu kwamba umbali haukuwa neno, wala nauli. Yule wa nyumba ya kwanza anaweza kuiona zahanati akiwa mlangoni kwake. Nilikuwa nimeacha kigeu kimoja nje, kikubwa kuliko vyote: nani yuko nyumbani na mzazi. Aliye na mama yake hutulia ndani. Asiye na mtu huja kliniki, nasi tunamwandika kuwa ni mama mwenye uelewa. Nilisema haya kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyopasa. Mwalimu hakucheka safari hii. Alisema watu wachache bado si jibu, lakini swali sasa lilikuwa limezaliwa, na kigeu nikipe umbo linalopimika. Tukakaa pamoja tukalitengeneza: Kuna uhusiano gani kati ya mtu anayekaa na mzazi nyumbani na mzazi huyo kuhudhuria kliniki katika wiki ya kwanza? Mtu huyo anaweza kuwa mama mzazi, mama mkwe, ndugu mwingine, au hakuna. Ile "hakuna" niliiandika mimi kwa mkono wangu. Halafu akaniambia nirudi Maramba nikalijaribu, na niulize pia mtu huyo alifikaje pale.

Nikarudi katika ile nyumba ya kwanza. Mama wa yule binti alikuwa amekwenda shamba, na aliyekuwa akimkanda mzazi siku hiyo ni jirani, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene. Katika mazungumzo akaniambia kwamba naye ana binti, amejifungua majuzi huko Handeni, kwa mumewe. Hapo nikasahau yote niliyofundishwa.

"Sasa mbona hukwenda kukaa naye?" nikamwuliza. "Unamkanda mtoto wa mwenzio, wako yuko peke yake?"

Aliacha kukanda. "Wewe ni mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Wa Tanga."

"Wa Tanga, na wauliza hivyo? Mama haendi. Mwana huletwa. Mimi nikajitupe kwa mkwe wangu, nilale kwake, nijifunike shuka lake, sina haya? Wao ndio hawakumleta. Hebu kawaulize wao, usiniulize mimi." Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua kwa hasira, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Wadhani simtaki mwanangu?"

Nilimwomba radhi. Nilitoka uani nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, mhudumu akaniuliza kama jua limenipiga, nikasema ndiyo. Neno lile, mwana huletwa, nililijua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama yangu huenda alilishika vilevile kwangu mimi, niliyeolewa bomani. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini hakuja, na mwalimu alikuwa amekwisha kulipigia neno "hawaji" mstari mwekundu. Swali langu lilimhukumu kabla hajafungua mdomo. Na sasa mdomo wenyewe umo kaburini.

Aliyebaki ni mama mdogo, ndugu yake mama, aliyeishi naye Ngamiani, Tanga mjini, mpaka mwisho. Nilikwenda kwake Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana. Njiani niliyapanga maswali yangu na yote nikayatupa, maana yote yalianza na kwa nini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Hicho chuo chenu hakuna wali?"

Akaniwekea halua na kahawa, akanipa habari za mtaa mzima, nani kaposwa, nani kauza nyumba. Nilingoja apumue. Kisha nikauliza kama nilivyofundishwa, bila kumwekea jibu mdomoni: "Mama mdogo, siku zile mimi nimejifungua, humu ndani palikuwaje?"

"Palikuwaje vipi?"

"Vyovyote unavyokumbuka."

Nikanyamaza. Katika yote niliyofundishwa chuoni, kunyamaza baada ya kuuliza ndiko kulikonishinda. Mama mdogo alifagia makombo ya halua kwa kiganja, akayakusanya pembeni mwa sinia.

"Palikuwa na moto," akasema. "Jiko halizimwi. Mamako alitoa kitanda chake akakiweka ukumbini, chumba cha nyuma akakipiga chokaa. Kanga zake kuukuu akazichana winda za kumfunga mtoto. N'kamwambia, weye, huyu kaolewa bomani, ataletwa na nani? Akanambia, yuwaja, wakwe zake watu wa heshima, watamleta. Basi kila gari likisimama hapo nje akiinjika maji. Maji yachemka, mtu hakuna. Yakipoa akimwaga. Likija gari jingine, ainjika mengine. Tulimaliza gunia zima la makaa kwa kuchemsha maji ya mtu asiyekuja."

Nilitaka kuendelea kunyamaza, sikuweza. "Mbona hakunifuata?"

"Akufuate wapi? Ami zako walikwisha sema huna kwenu tena. Akikufuata Pongwe, si ndiyo kakubali? Yeye ataka uje kwenu, wakuone umeingia kwa mlango huu." Akaninyooshea kidole. "Na wewe kinywa ulikuwa nacho. Neno moja tu kwa mumeo, nirudishe kwetu. Mficha uchi hazai, wewe ushazaa na bado waficha."

"Nilidhani hanitaki."

"Naye alidhani huji kwa kuwa umeshapata watu wengine. Arobaini ilipokwisha akazima jiko, akavaa baibui. Akasema, sasa naweza kwenda, sasa ni mgeni tu."

Nje watu walikuwa wanatoka msikitini, wameshaswali alasiri. Ilikuwa saa yake ile ile, saa ya simu. Nilikaa nikiitazama sakafu ya ukumbi ule, pale kilipokuwa kitanda chake, na nikahisi namtaka mama yangu kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu. Nasema hivi mimi, mwanamke mzima mwenye mvi. Nilimtaka aje anikaripie. Nilimtaka aniulize nimekula nini, nimjibu kwa urefu, nimtajie mpaka chumvi.

"Mama mdogo," nikasema, "nikande."

"Nini?"

"Nikande. Kama mzazi."

Alinitazama kana kwamba nimepandwa na kitu kichwani. "Mwanao ana masharubu, leo ndiyo wataka kukandwa?"

"Leo."

Nilidhani atacheka. Aliinuka akishikilia magoti, akaenda jikoni, nikasikia anamimina makaa, nikasikia sufuria. Maji yakawa tayari. Alitandika mkeka katika chumba cha nyuma, ambacho sasa wanawekea magunia ya nazi, akaniamuru nivue nguo nibaki na kanga, akanilaza kifudifudi. Kitambaa cha kwanza kilipogusa kiuno nilipiga ukelele. Akasema tulia, wazazi wote hupiga kelele. Alinikanda kwa nguvu zake zote za uzeeni, kutoka kiunoni mpaka mabegani, akichovya na kukamua, akichovya na kukamua, huku mimi nalia na mkeka umelowa chini ya uso wangu. Hakuniambia ninyamaze.

Maji yalipokaribia kuisha nikamwuliza kama mama naye angenikanda hivi.

Mama mdogo akakikamua kitambaa.

"La," akasema. "Mimi mkono wangu mzito. Wake ulikuwa mwepesi. Hata maji yakiwa ya moto vipi, kwa mkono wake ungelala usingizi."